Keria ya Baiskeli ya Ndesanjo

Wapo hapa Daraja Mbili wanaosema hadi leo kwamba Stanley alimfanyia shemeji yake wema. Nawaomba kwanza wajue ile baiskeli ilikuwa nini kabla haijaguswa.

Ndesanjo ni jirani yangu, mtu wa Machame. Alikuja Arusha akiwa kijana, akafanya kazi ya stoo kiwandani hadi mwaka 1993, walipopunguza watu ili mnunuzi akabidhiwe kiwanda chepesi. Siku hiyo alirudi nyumbani mchana, saa ambayo hatukuzoea kumwona, akachukua ufagio na kuanza kufagia uwanja ambao mkewe, Lydia, alikuwa ameshaufagia. Aliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Mtu mzima, afya tele, anafagia uwanja msafi.

Miaka hiyo kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini. Katika yadi moja ya Sombetini walikuwa wakifungua makontena ya baiskeli chakavu kutoka Ulaya, na watu wakigombania zile nene zenye keria na stendi. Chini kabisa ya lundo ilibaki moja isiyotakiwa na mtu. Ilikuwa baiskeli ya Kifaransa ya mashindano ya barabarani, ya zamani, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, rimu nyembamba, haina keria, haina madigadi, cheni imeganda kwa kutu.

"Chukua, mzee," muuzaji alimwambia. "Hiyo hata mwizi haitaki."

Akaja nayo begani. Lydia akasoma maandishi ya ubavuni.

"Pijo? Pijo si gari?"

"Ni gari, na ni baiskeli pia."

"Sasa katika hayo mawili, Baba Violet, ndiyo ukachagua hili?"

Karibu mwaka mzima aliishughulikia. Aliilaza kwenye turubai barazani, akafungua nati moja baada ya nyingine na kuziloweka kwenye dizeli. Alikuwa ametunza stoo miaka mingi, kwa hiyo kila kipande alikifungia karatasi na kukiandika kilikotoka. Rangi yake ilikuwa bluu ya mbingu asubuhi, imepaukia sehemu chache. Mimi nilimshauri apige msasa na kupaka upya. Akanitazama kana kwamba nimemshauri ang'oe meno mazima. Aliisafisha kwa pamba na mafuta ya cherehani, polepole, mpaka mistari membamba ya dhahabu kwenye maungio ikaonekana tena.

Taabu kubwa ilikuwa kwenye ekseli ya pedali. Katika baiskeli tulizozoea, za Kiingereza na za Kichina, kikombe cha upande wa kulia, kile cha chuma kinachoshika gololi za ekseli, hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Hii ya Kifaransa hufungwa kwa kuzungushwa kulia, tena uzi wake haufanani na wa kikombe chochote kilichokuwa kikiuzwa mjini. Tulikipeleka kile kilicholika kwa Jamaldini, fundi wa kukereza vyuma.

"Abdulhalim, huyu jirani yako umemtoa wapi?" Jamaldini aliniuliza, akikigeuzageuza kikombe kwenye mwanga. "Hiki chuma hakijui Kiswahili wala Kiingereza."

"Kitajifunza," alisema Ndesanjo.

Jamaldini alikereza kimoja, kikakataa. Akakereza cha pili, kikakataa. Cha tatu kiliingia kwa vidole tu, bila spana, na wote watatu tukacheka kama waliofaulu mtihani. Tairi, breki na mnyororo alivipata kidogo kidogo katika makontena mengine. Kwa hilo siwezi kuyalaumu makontena.

Alipoanza kuiendesha, ikawa kila Jumamosi alfajiri: anashika barabara ya Nairobi, anapita Ngaramtoni, anakunja kupanda Olmotonyi hadi kwenye miti ya chuo cha misitu, kisha anateremka. Wanawake wa gengeni walimpigia kelele.

"Baba Violet! Unakimbilia wapi na huna mzigo?"

"Olmotonyi."

"Kuna nini huko?"

"Kuna kurudi."

Na kweli alirudi akiwa mtu mwingine. Ule mteremko ulimrudishia uso wake wa zamani. Ufagio akauacha. Akaanza kupanda mboga nyuma ya nyumba, akawa anauza, akawa anasalimia watu kwanza. Lydia mwenyewe aliniambia, "Shemeji Abdul, ile baiskeli isiguswe. Ndiyo iliyoniamshia mume." Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba baiskeli ile ilikuwa haina kazi.

Stanley ni kaka mkubwa wa Lydia. Alikuja kutoka Moshi akakaa kwao wakati akitafuta biashara, akaipata: kununua maziwa Olmotonyi na kuyauza hotelini mjini. Mtu mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kuwapangia watu maisha. Kila alipopita barazani aliigonga ile fremu kwa kidole.

"Shemeji, kila Jumamosi unapanda kwenye maziwa na kurudi mikono mitupu. Wewe na baiskeli yako mmestaafu pamoja?"

"Haibebi mzigo, kaka. Mabomba yake ni membamba."

"Chuma ni chuma."

Mwezi wa nne mama mdogo wa Ndesanjo alifariki Machame. Ndesanjo na Lydia wakaenda msibani, wakamwachia Stanley nyumba. Asubuhi moja nilimwona akiikokota baiskeli kwenda nje, nikamuuliza anakoipeleka. Akanijibu, "Kuitengeneza." Niliposema imeshatengenezwa, alicheka, akaniaga kwa adabu zote, akaondoka. Ningeishika kwa nguvu? Ni mali ya nyumba ya shemeji yake, mimi ni jirani.

Aliipeleka Sombetini kwa mtu anayechomelea mageti. Mtu wa mageti aliwasha umeme akachomelea keria ya nondo juu ya mabomba mawili ya nyuma, yale yanayoshuka kutoka kwenye kiti, membamba kama penseli. Yakatoboka. Akayaziba kwa vipande vya bati nene, akachomelea tena. Rangi ya bluu ikaungua na kuvimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, basi akaifunika fremu nzima kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Mistari ya dhahabu, maandishi, vyote chini ya kijani. Akaongeza stendi bila kuombwa.

Ndesanjo alirudi Jumapili jioni. Stanley alikuwa ameiegesha katikati ya uwanja, ameifunga utepe mwekundu kwenye usukani.

"Karibu, shemeji! Pole na msiba. Ona sasa, hii ndiyo baiskeli! Madumu mawili huku, moja katikati. Jumatatu tunaanza wote."

Ndesanjo aliichuchumalia, akapitisha kidole kwenye zile bati. Lydia alianza kulia, ndipo Stanley akashangaa. "Jamani, mnalia nini? Nimelipa mwenyewe!"

Stanley alihamia Sombetini wiki ileile, na Ndesanjo hakumsemesha wiki nyingi. Mtaa mzima ukamgeukia Ndesanjo. Mtu kasaidiwa, anakasirika! Mtu hana kazi, anapewa kazi, ananuna! Waliomcheka kwa kwenda bila mzigo, sasa walimlaumu kwa kuukataa mzigo. Na ufagio ukarudi mkononi mwake. Nilikuwa naisikia sauti yake kila asubuhi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Stanley alikuja na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Kwao, Machame na Moshi, isale ni ule mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, na mtu akikuletea jani lake kuomba radhi, hulikatai. Awe amekuibia, awe amekupiga, unalipokea, na neno limekwisha. Sasa hapa aliyelileta ni kaka mkubwa wa mke, anamnyenyekea mume wa mdogo wake. Nilikuwa nimekaa barazani. Niliona mkono wa Ndesanjo unavyosita, kisha ukalipokea.

"Nimekusamehe, kaka."

Lydia akashusha pumzi, akaleta chai. Stanley akanywa nusu kikombe, akajifuta midomo, uso umeng'aa.

"Ni kweli nilikosa, shemeji. Ningekuuliza kwanza. Basi kesho nikupitie saa kumi na moja, twende na madumu?"

Yaani jani lile lilikuwa la kutouliza! La ile fremu halikuwepo.

Ndesanjo aliweka kikombe chini. Akaingia ndani, akatoka na msumeno wa chuma, akampa.

"Keria inatoka leo. Itoe wewe."

Stanley alinitazama mimi, akamtazama dada yake. Hakuna aliyemsaidia. Akapiga magoti akaanza kukata, mwanzo akitabasamu, baadaye akitoka jasho. Mguu wa kwanza wa keria uliachia. Alipofikia wa pili, bomba la fremu lenyewe lilikatika pale lilipoungua, tik, kama kijiti kikavu. Akakiinua kipande. Ukuta wake haukuzidi unene wa kopo la maziwa ya unga.

"Kumbe ni jembamba hivi," alisema Stanley.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, shemeji." Akakaa chini vumbini na suti yake ya kanisani.

Jamaldini aliitazama kesho yake, akasema hawezi kuahidi. Ipatikane fremu nyingine ya namna ile, akate bomba la huko, alete huku. Kwa hiyo Ndesanjo sasa hushinda kwenye yadi za makontena, na Stanley humfuata akimfunulia malundo. Wanakula mhogo pamoja. Ndesanjo humtania. Amelipokea jani, na hana ruhusa ya kubaki na kinyongo, wala simwoni nacho.

Lakini mimi si mtu wa Machame, na sikuletewa jani lolote. Stanley akipita na madumu yake na kuniamkia kwa furaha, namjibu salamu, kwa kuwa salamu ni haki yake. Chai yangu hainywi.