Swali la Bi Mwanahamisi

Nakumbuka siku niliyomcheka mtu mzima mbele ya wenzake, mwanangu, na hadi leo nikiiwaza nahisi uso unaniwaka. Nakusimulia kwa sababu kesho unakwenda vijijini kuonyesha kazi za maabara yetu, na nimeona unavyojiandaa kwa picha nzuri nzuri. Hata mimi nilijiandaa hivyo hivyo.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa kwenye maabara ya chuo kikuu ya nanoteknolojia, sayansi ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Binti wa mwalimu wa Msata, koti jeupe limepigwa pasi, nikajiona nimefika. Tulikuwa tumetengeneza vyungu vya kuchujia maji, ndani tumevipaka chembe ndogo mno za madini ya fedha, zinazoua vijidudu. Tukavipeleka Kaole, tukawakusanya kina mama kwenye darasa la shule ya msingi, na kazi ya kueleza nikapewa mimi. Nikawaambia chembe moja mbele ya unywele ni kama kokoto mbele ya mnazi. Wakashangaa, nami nikazidi kujisikia.

Akasimama Bi Mwanahamisi, bibi mfinyanzi wa pale pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza taratibu:

"Mwanangu, chungu kipya huachia udongo siku za mwanzo, hata maji yakawa na ladha. Hizo chembe zenu haziachii? Na zikiachia, zinakwenda wapi?"

Tulikuwa tumepima vijidudu vinavyokufa. Chembe zinazotoka hatukuzipima sawasawa. Ningesema tu, "Sijui, bibi." Badala yake nikacheka. "Bibi yangu, hii ni sayansi, siyo ufinyanzi. Wewe kunywa maji."

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Mwanahamisi akaitengeneza kanga yake begani, akaketi. Hakuna aliyeuliza jingine, nami nikadhani nimeeleweka vizuri. Tukagawa vyungu, tukaacha namba ya simu, tukaondoka.

Lile swali likanikaa kichwani. Kumwambia mkuu wa maabara nikaona haya, nikanyamaza wiki tatu nzima, na watu wanakunywa. Hapo, mwanangu, ndipo ninapojionea aibu zaidi, kuliko hata kile kicheko. Siku nilipopima, chembe zilikuwa zinatoka, tena nyingi kuliko inavyotakiwa. Nikaenda kwa mkuu, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Vyungu utavifuata wewe. Na kusema utasema wewe."

Nikasimama tena kwenye darasa lile lile. Nikawaambia nimekosa, waache maji yale, na kwamba swali la Bi Mwanahamisi lilikuwa la kweli na mimi sikuwa na jibu. Safari hii hakucheka mtu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mimi wiki ya kwanza tu niliona maji yanaingia umanjano kwenye bakuli jeupe. Namba yenu ninayo." Umanjano ule ndio rangi ya chembe zetu zikiingia majini.

"Mbona hukupiga, dada?"

"Niliogopa utanicheka."

Na mtoto alikuwa amemnywesha. Tuliwapeleka wote waliokunywa hospitali wakapimwa, hakuna aliyeonekana na dhara. Ilikuwa rehema ya Mungu, siyo kazi yangu.

Bi Mwanahamisi alinikabidhi chungu chake mlangoni, amekiosha na kukikausha. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua.

"Nimekusamehe. Lakini sikuuliza ili nikushinde. Niliuliza kwa sababu wanywaji ni wajukuu zangu."

Baadaye vyungu tulivirekebisha, tukavipima kama inavyopaswa, tukarudi Kaole mara nyingi. Bi Mwanahamisi alikuwa akija, anakaa nyuma, anasikiliza. Mpaka anafariki, hakunyoosha mkono tena. Msamaha alinipa, lakini maswali yake nilikuwa nimeyapoteza.

Basi kesho ukimaliza kueleza, nyamaza uwape nafasi. Anayekuuliza usimpime kwa shule aliyosoma. Huenda ameshika udongo miaka mingi kuliko umri wako. Usilolijua, sema hulijui, uliandike pamoja na jina la aliyeuliza, urudi na jibu hata kama linakuaibisha. Na ukikosea, usingoje wiki tatu kama mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu watakaokuamini, na akupe moyo wa kustahili imani yao. Amina.