Mistari Mitatu kwenye Bawa la Shaba

Ukimwambia Musili wa Kyumbi asiongeze kitu kwenye kazi, jua umeshamchokoza. Ndivyo alivyo, hatabadilika leo. Mwagize twiga wa mbao, atakuletea twiga anayekutazama kama shangazi aliyekufumania ukila sukari. Mwagize mwiko, utakuta kwenye mpini mistari mitatu midogo iliyolala sambamba, na usijaribu kumuuliza ni ya nini, maana atakushika hapo kibandani kwake kando ya barabara mpaka chai yako ipoe. Ni alama ya ukoo wao. Baba yake aliichonga kwenye mizinga ya nyuki kule Wamunyu, kwa sababu mzinga usio na alama hauna mwenyewe, na mpita njia yeyote anaweza kurina asali akaenda zake akipiga mluzi.

Mzee huyu ana binti mmoja, Syokau, na hapo ndipo moyo wake ulipo. Binti amebeba jina la nyanya yake, mama yake Musili, kwa hivyo tangu azaliwe baba humwita mwaitu, yaani mama. Humheshimu kama mzazi na kumdekeza kama kitinda mimba, yote kwa pumzi moja. Syokau alikulia hapo hapo kibandani, katikati ya mabaki ya mbao. Akiwa mdogo alinyakua tezo ya baba yake akajikata dole gumba, na mama yake, Mungu amrehemu, akamfokea mume badala ya mtoto, karibu wiki nzima. Siku hizi Syokau ni mhandisi wa maji katika chuo kimoja cha ufundi mjini Machakos. Hachongi chochote. Yeye huchora.

Mwaka huu alichora gurudumu la pampu, lenye mabawa manne yaliyopinda, la kuvutia maji kwenye kisima cha akina mama wa Masii. Gurudumu lao la zamani lilikuwa limeliwa. Naam, limeliwa, na aliyelila ni maji. Syokau alimletea baba yake alione, nalo lilijaa vishimo kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi.

"Maji yanatafuna chuma?" Musili akashangaa. "Weee! Na mimi ninayeyanywa kila siku?"

Syokau alicheka, kisha akamweleza polepole. Bawa likizunguka kwa kasi, kuna mahali mgongoni mwake ambapo shinikizo la maji hushuka mno. Hapo huchemka bila moto na kutoa viputo vya mvuke. Viputo vikisogea mbele kidogo, shinikizo hurudi na kuvibana ghafla, na kila kimoja kinapokufa hugonga chuma kama nyundo ndogo. Kimoja si neno. Vikiwa maelfu kwa maelfu, mchana na usiku, gurudumu kwisha.

"Kwa hivyo bawa lazima likuwe laini, baba. Nichongee mfano kwa mbao vile nimechora, halafu fundi wa mjini aumwage kwa shaba. Na tafadhali usiongeze kitu. Hata kitu kidogo."

"Mwaitu, mimi nitaongeza nini?"

Basi. Mtu mwenyewe mmeshamjua.

Alichonga kwa subira. Macho yake siku hizi yana ukungu, kwa hivyo ulaini wa bawa aliupima kwa shavu, akilipitisha taratibu kama anayembusu mtoto aliyelala. Moyoni alijua kwamba huenda kazi kubwa kama ile asiipate tena. Alipomaliza aliiweka mezani akaitazama, akaona ni nzuri kuliko twiga wote aliowahi kuchonga, na haina mwenyewe. Roho ikamsuta. Akachukua kisu, akachora mistari yake mitatu kwenye bawa moja, karibu na ukingo.

"Nyembamba tu," akajiambia. "Nani ataiona?"

Maji yaliiona.

Pale chuoni kuna bomba kubwa la chuma lililojikunja likarudi lilikoanzia, maji huzungushwa ndani yake, na ubavuni lina dirisha la kioo kinene. Gurudumu la shaba, lililomwagwa kwa kufuata mfano wa mzee pamoja na mistari yake, lilifungwa nyuma ya kioo hicho, na taa ikawekwa ya kupepesa kwa mwendo wake, hata ulione kama limesimama wakati linazunguka kwa kasi ya kutisha. Jaribio lenyewe lilikuwa la kesho yake, mbele ya wakuu wa chuo na akina mama wa Masii. Mkuu wa idara, Bi Wendy, alikuwa amesema wazi: likitoa viputo kwa mwendo wa kawaida wa pampu, watanunua gurudumu kwingine na mchoro wa Syokau utafungiwa kabatini. Nafasi ni hiyo moja. Syokau akamwita baba yake walijaribu wawili kwanza, alasiri hiyo.

Maji yalianza kwa utulivu. Syokau akaongeza kasi. Mara mlio ukaingia, kama changarawe kwenye debe. Chini ya ile taa mabawa matatu yalikuwa safi, lakini la nne lilivuta uzi mweupe wa viputo kutoka ukingoni.

"Nimekosea hesabu," Syokau akasema, uso umemshuka. "Kesho nitawaambia tu ukweli. Mchoro haiko sawa."

Musili alisogeza pua mpaka kwenye kioo. Macho yake hayakuona mistari, lakini alijua bila kuonyeshwa mahali uzi ule ulipoanzia. Hakuna mwingine aliyejua, na haki ya Mungu, wazo la kunyamaza lilimpitia, maana naye ni binadamu. Kisha akamwona binti yake akijifuta pua kwa mkono wa shati, vile vile alivyokuwa akifanya utotoni, na wazo lile likamtia aibu.

"Mwaitu, hesabu yako haina shida. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliweka alama."

"Baba! Nilikuambia nini? Nilikuambia nini, baba?"

"Uliniambia."

"Na bado ukaweka!"

"Ilikuwa haina mwenyewe," Musili akajitetea, na hata yeye aliusikia unyonge wa maneno yake.

Syokau alikasirika, tena si mchezo. Alitupa kitambaa sakafuni, akatembea hadi mlangoni, akageuka akarudi. Akayatoa maji, akafungua gurudumu na kuliweka mezani pamoja na tupa na msasa.

"Haina kina. Naweza kuifuta."

"Hapana. Niliweka mimi. Lete."

Akaipiga tupa mwenyewe, polepole, vumbi la shaba likimwangukia magotini. Iliuma, tusidanganyane. Tangu aanze kushika tezo hakuwahi kuondoa mistari ile mahali popote. Akasugua kwa msasa, akajaribu kwa shavu, akasugua tena, hadi bawa likawa halina kitu.

"Haya. Sasa ni ya mtu yeyote," akasema, akaiweka tupa chini.

Syokau akaketi kando yake kwenye benchi. Hasira ilikuwa imekwisha. Akamnyooshea dole gumba, lenye kovu jeupe lililolikata upande hadi upande.

"Na hii je, baba? Nayo utaipiga tupa?"

Mzee alilitazama kovu lile, kisha akaushika mkono wa binti yake na kuuweka shavuni, mahali anapopimia kazi zake zote. Alikuwa akilia na wala hakujificha.

"Hiyo haikuwa kazi safi," akasema. "Mama yako alinifokea sana."

"Lakini iko na mwenyewe."

Kesho yake wageni walijipanga mbele ya kioo. Kamene, mwenyekiti wa akina mama wa Masii, alisimama mbele ya wote, mikono kifuani. Syokau akabonyeza kitufe, kisha akapandisha kasi mpaka pale changarawe ilipolia jana, akapita hapo, akaongeza tena. Mabawa yote manne yalikuwa safi.

Kamene akatega sikio kwenye kioo. "Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo hivyo, mama. Ikiwa nzuri, husikii kitu."

"Ni kazi safi kweli," Kamene akasema. "Na huyu fundi hakuweka hata alama yake?"

Musili, kule nyuma, aliinamisha kichwa.

"Aliweka," Syokau akajibu, dole gumba likiwa bado juu ya kitufe.