Siku Nilipokalia Kikapu Mnadani

Kuna watu katika kanisa letu la kambi ya polisi ambao mpaka leo wakinikuta nimekaa kwenye benchi wananiuliza kama chini yangu kuna kitu kinauzwa, na ni kweli, siku moja, mchana kweupe, nikiwa nimevaa gauni langu la Pasaka, niliketi juu ya kikapu mbele ya waumini wote nikakataa kuinuka. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa. Bora niwaeleze mwenyewe, maana wanaoisimulia wanaongeza chumvi, na mmoja anasema eti nililia (sikulia, machozi yalinitoka tu).

Kwanza mjue ninakotoka. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, akafariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki mimi mkubwa na wadogo watatu. Niliacha shule kidato cha pili nikaenda kufanya kazi za ndani mtaa wa Kansanga, na kwa kazi hiyo wote watatu wamesoma, hata yule wa mwisho ambaye sasa ananisahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Kwa hiyo Hajati Zaituni aliponijia na habari za muswada wa sheria ya wafanyakazi wa nyumbani, kwamba misikiti na makanisa yameungana kuliomba Bunge liupitishe, ili msichana wa kazi awe na mkataba, siku ya kupumzika na mahali pa kushtaki akipigwa, hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Huyo Hajati ni mjane wa mwanajeshi, anauza vitambaa Kisenyi, na alikulia kambini kwetu, kaka zake wawili Wakristo na yeye Mwislamu, wakila sahani moja. Sijaona mtu mwenye akili kama yake. Sisi wengine tulikuwa tunagonga mageti tunafukuzwa na mbwa, yeye akasema tuache mageti, tusubiri lori la takataka, kwa sababu msichana wa kazi hatoki nje ya geti ila siku lori la takataka linapopita. Basi tukawa tunalifuata lile lori mtaa kwa mtaa, mimi nimeshika karatasi na yeye ameshika kile kidude cha wino, na kila msichana akishatupa taka zake anabonyeza dole gumba, na Hajati anamwambia maneno yale yale, bila kuchoka, kana kwamba ndiye wa kwanza: jina lako litaonwa na kamati ya Bunge peke yake, bosi wako hataliona. Miezi mingi tulinuka takataka. Wengine kati ya wale wasichana wamekwisha kufukuzwa au kurudi kwao, huwezi kuwapata tena.

Karatasi zilipokamilika, akanikabidhi mimi. Tulitakiwa kuzipeleka kwa kamati Jumanne. Akaniambia, "Ziweke chini ya kitanda, mwanangu, usizitoe mpaka Jumanne." Nikasema sawa, Hajati.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Jumapili asubuhi nikawaza kwamba kazi kubwa kama ile haiwezi kwenda Bungeni bila baraka, na kwetu kitu kikitakiwa kubarikiwa kinapelekwa mbele pamoja na matoleo. Nikazitoa zile karatasi chini ya kitanda, nikazipanga kwenye kikapu, nikakifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma marehemu mama, na wakati wa matoleo nikapanga mstari nyuma ya mama mmoja mwenye jogoo. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Nilirudi kwenye benchi nimeridhika kama mtu aliyelipiwa deni na Mungu mwenyewe. Nilichosahau, mimi niliyelelewa katika kanisa lile, ni kwamba misa ikiisha matoleo yote yanatolewa uani yanapigwa mnada.

Nikawa nimesimama nje namsalimia Hajati, ambaye alikuwa amekuja kututembelea (Ijumaa mimi nilikwenda msikitini kwao, kwa hiyo ilikuwa zamu yake), tunacheka, mara nikasikia sauti ya Mzee Bosco, katekista wetu, ambaye ndiye dalali. Jogoo alikuwa ameshauzwa. Sasa Mzee Bosco alikuwa amenyanyua kikapu chenye kitambaa cheupe.

Niwaeleze desturi yetu. Kikapu kilichofunikwa kinanunuliwa bila kuonwa, huo ndio utamu wake, na aliyekinunua anakifunua pale pale mbele ya watu, halafu Mzee Bosco anasoma kwa sauti kilichomo, na yule mzee anapenda kusoma kwa sauti kuliko anavyopenda kula.

Aliyeanza kutaja bei ni Mama Sandra, tajiri wa duka la jumla. Nyuma yake, akiwa amembeba mtoto wa Mama Sandra mgongoni, alisimama Furaha, msichana wake wa kazi, Mkongo, na dole gumba la Furaha lilikuwa kwenye karatasi ya pili.

Badala ya kwenda taratibu kumnong'oneza Mzee Bosco, nikanyoosha mkono. Nikataja bei ya kuku. Mama Sandra akapanda. Nikapanda. Watu wakaanza kupiga makofi, msichana wa kazi anashindana na tajiri, na Mama Sandra akanigeukia akaniuliza kwa heshima ya kebehi, "Nnyabo, siku hizi mnalipwa dola?" Watu wakacheka, nami kwa uchungu nikataja bei ya mbuzi, mbuzi mzima mwenye ndevu, wakati mfukoni nilikuwa na nauli tu. Mama Sandra hakupanda tena. Nikashinda.

Mzee Bosco akashika pindo la kitambaa akasema haya, dada alipe tufunue. Sijui ni pepo gani aliyenishika. Nikamnyang'anya kikapu, nikakiweka chini, nikakikalia.

"Binti," Mzee Bosco akasema, "unaatamia?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikasikia matete ya kikapu yanalia chini yangu, nikavuta gauni, nikakaa imara zaidi. Mama Sandra akasema lazima kuna kitu kimeibwa humo, kifunuliwe. Wengine wakaitikia, kifunuliwe. Furaha alikuwa amekiangalia kile kitambaa, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa nimekalia nini.

Ndipo Hajati akapita katikati ya watu, na hijabu yake, polepole, akasimama karibu yangu. Naye alikuwa ameshaelewa. Akamwuliza Mzee Bosco kwa heshima, "Ssebo, nilipokuwa mtoto hapa, mtu aliyenunua aliweza kumrudishia padri alichonunua, kama kilivyo. Bado ni hivyo?"

Mzee Bosco akakubali, ndiyo, na cha padri hakifunuliwi. Lakini pesa kwanza.

Hajati akafungua fundo la leso akatoa zote alizokuwa nazo, akazitia kwenye sahani ya mnada. Hazikufika hata mguu wa mbuzi. Hapo nikamwona Furaha amepiga hatua mbele, mkono ukitafuta sarafu kwenye pindo la kitenge, na nyuma yake wasichana wengine wawili, na Mama Sandra ameanza kugeuka awatazame. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Hajati naye aliwaona. Akapaza sauti, "Kambi hii ilinilea. Mwanamke yeyote aje aweke chochote, mabosi, wasichana, bibi zetu, wote pamoja. Asibaki mtu nyuma."

Wakaja kama wimbi, wake za polisi, mabibi, waimbaji wa kwaya, na wale wasichana wakapotea katikati yao, hata Mungu ilibidi aangalie vizuri ndipo awatambue. Mama Sandra naye akaweka noti, maana angeonekanaje akibaki peke yake. Alipopita karibu na Hajati akamwuliza chini chini, maana mabosi walishasikia habari za karatasi zetu, kama msichana wake yumo humo. Hajati akamjibu, "Mama, sitakuambia yumo wala hayumo. Ukifika nyumbani, mpe Jumapili apumzike."

Bei ya mbuzi ilipotimia, niliinuka. Kikapu kilikuwa kimebonyea kama chapati. Padri akakipokea, na alipojua kisa chake akanirudishia huku akiuma midomo asicheke.

Hajati alikuwa ametoa hata nauli yake, na mimi yangu nilishaitia kwenye sahani, kwa hiyo tukatembea kwa miguu mpaka Kisenyi, mimi na viatu vya kisigino. Nilisubiri anigombeze. Tulipofika Katwe ndipo aliposema, "Ulikikalia vizuri."

Jumanne kamati ilizipokea karatasi, zimepinda umbo langu. Sheria bado haijapita, na Hajati bado anafuata lori. Mimi nashika karatasi mpya kama zamani, na jioni naziweka pale aliponiambia. Nikitaka Mungu azibariki, napiga magoti sakafuni namwonyesha: ziko huku, Baba, chini ya kitanda, inama uangalie.