Kreti Nne za Shemeji

Watu wengine vita viliwafungia ndani. Mimi vilinikuta humo humo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio, na redio haifuatwi, inaletwa. Nilikuwa na meza, koleo, dirisha la kutazama njia iendayo soko la Jabe, na mke aliyeniuliza kila Jumapili kama miguu yangu nayo imeharibika, aitafutie fundi. Nilimjibu kwamba hali ya usalama si nzuri. Mara nyingi ilikuwa kweli, na nilikuwa naona haya kidogo jinsi kweli hiyo ilivyonifaa.

Kwa hiyo mwaka wa uchaguzi ulipofika, vita vikiwa vimeanza kuchoka, siasa ilibidi inifuate nyumbani. Ililetwa na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa akiuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni tangu kabla ya vita, na sasa yeye na wauzaji wenzake walikuwa wameandikisha orodha yao ya wagombea wa baraza la komini, yaani serikali ya mitaa yetu, bila chama nyuma yao.

"Shemeji, we umesoma sekondari," aliniambia, akitua daftari juu ya redio ya mteja. "Niandikie maneno yangu. Lakini uandike yangu, si yako."

Maneno yake hayakuwa mengi. Ushuru wa soko upunguzwe. Mama mwenye kibanda cha bati alilipa kila asubuhi, na mama aliyekimbia vita, aliyepanga mafungu matatu ya nyanya juu ya gunia, alilipa sawasawa naye, tena kabla hajauza hata fungu moja. Basi yule wa nyanya akimwona mtoza ushuru, anakunja gunia, anaenda kuuzia kando ya mtaro. Komini ikimkosa yeye, inamwongezea wa kibanda, na wa kibanda naye anaanza kuutamani mtaro.

"Wapunguze," alisema, "watu watakaa mahali pao, watalipa. Na komini itumie kilichopo. Kwanza mitaro, kwanza vyoo vya soko. Mapokezi, mafuta ya magari, fulana za sherehe, vyote vingoje."

Niliandika. Niliongeza "enyi wananchi wapenzi" mara mbili, akaifuta mara mbili.

Mkutano ulipangwa uani kwangu, Jumapili baada ya ibada, kwa sababu uwanja ulikuwa mpana, na kwa sababu, alivyosema mke wangu, hiyo ndiyo njia pekee ya kumfanya mwandishi wa hotuba ahudhurie. Shemeji aliweka sharti moja: hakuna kinywaji. Hata soda.

Aliyekulia kwetu ameshashtuka. Kwetu hotuba haianzi kabla chupa hazijasimama mbele ya watu. Posa, msiba, mtoto kufaulu mtihani, kwanza kinywaji, neno baadaye. Mgeni akitoka kwako na koo kavu hasemi umebana matumizi. Anasema hakupokelewa.

"Wagombea wengine wanatoa," nilimwambia.

"Wanatoa wapi?"

"Mfukoni mwao."

"Na mfuko huo wataujazia wapi wakichaguliwa? Apana, shemeji. Bia nikiwapa leo, kesho nitaitafuta kwenye gunia la mama wa nyanya. Mi sitaki."

Nilikubali, kwa mdomo. Lakini Jumapili ile nilipoona viti vinajaa, wazee watatu wa mtaa wamekaa mbele, na macho yao yanatafuta mlango wa jikoni kwa adabu sana, moyo ulinishuka. Mgombea ni yeye, lakini mwenye nyumba ni mimi. Nikaenda nyuma, nikamwita mwenye duka la jirani juu ya ukuta, nikaagiza kreti nne. Ndiyo, nilivunja sharti la shemeji bila kutoka nje ya ua wangu. Hata dhambi zangu zinaletwa nyumbani.

Shemeji alikuwa amesimama. "Mmeona sijawapa kitu. Sikusahau. Nimekataa, na nitawaambia kwa nini..."

Hapo kreti zikaingia.

"Eeh! Sasa tunaongea!" mtu alipiga kelele, na ua wote ukachangamka. Nami, kama mpumbavu mwenye adabu, nikachukua kifungulio, nikaweka chupa tatu mbele ya wale wazee, nikazifungua machoni pao, kama inavyotakiwa kwetu, ili asiwepo wa kujiuliza kilichomo. Nilipoinua kichwa nikakutana na macho ya shemeji.

Mama muuza makaa akasema kutoka nyuma, "Mama, we unasema apana, na nyumba unamosimama inasema ndiyo. Tusikie nani?"

Watu walicheka, halafu wote wakamgeukia shemeji. Hakuwa na chama, hakuwa na gari, hakuwa na fulana. Alikuwa na neno lake tu, na mimi nilikuwa nimelizibua pamoja na chupa.

"Shemeji," aliniuliza mbele ya wote, "nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Uliniuliza?"

"Apana."

"Ni pesa ya nani?"

"Yangu. Niliiweka ya spea za redio."

"Ya nani?" mke wangu aliuliza mlangoni mwa jikoni.

"Yetu," nilisahihisha.

Shemeji akawageukia watu. "Mnamuona? Ni mutu mzuri. Hakuiba. Alitaka tu wageni wamuheshimu. Na kwenye komini hawakosi watu wazuri kama huyu. Anayetumia yuko hapa mbele, anapigiwa makofi. Anayelipa yuko jikoni, na hajaulizwa."

Mmoja wa wale wazee, aliyehamia kutoka Buterere baada ya mafuriko kumtoa kwake, aliinua mkono. "Maneno mazuri, binti yangu. Lakini mi ni maji yalinitoa nyumbani. Mukipunguza ushuru, mitaro atachimba nani?"

Swali hilo halikuwa kwenye daftari.

"Mzee, sitakudanganya. Yote hatutaweza. Tutachimba mumoja, tuumalize, mje muupime kwa miguu yenu, halafu wa pili. Ushuru wa leo ni mkubwa. Mutaro unauona?"

"Siuoni."

"Basi. Na hiyo chupa?"

"Hii imekwisha kufunguliwa," mzee alisema kwa huzuni ya kweli, na ua ukapasuka kwa vicheko.

"Hiyo kunywa, mzee, hasara imeshaingia. Zingine zirudi. Na azirudishe aliyezileta."

Mwenye duka alikuwa ameshaondoka, tena kwa haraka. Tulipakana ukuta, lakini mlango wa duka lake ulikuwa ng'ambo, upande wa soko. Nilibeba kreti moja moja, safari nne, kwenye njia niliyozoea kuiona dirishani. Sikujua kama ni ndefu hivyo. Akina mama waliniona.

"Fundi, hiyo redio inatumia betri ngapi?"

"Jamani, fundi ametoka nje! Basi vita vimekwisha kweli!"

Safari ya nne haikuwa na wa kucheka. Mama muuza makaa alikuja akashika upande wa pili wa kreti. "Twende," alisema. "Nataka nione zinafika."

Zilifika, zikipungua chupa tatu. Habari ilizunguka soko zima kwamba kuna mgombea anayerudisha.

Shemeji alipita uchaguzini, kwa shida. Siku ya kikao cha kwanza aliingia kwangu mchana, bado amevaa nguo za ibada, akakaa kwenye benchi la wateja, akaomba maji. Aliyamaliza yote.

"Walitupokea," alisema. "Meza ndefu, vitambaa, bia mpaka kwenye kibaraza cha nje."

"Ulisema kitu?"

"Nilisema. Wakacheka. Mumoja akaniambia, mama, ni siku moja tu." Alizungusha glasi tupu mkononi. "Kesho tunajadili ushuru wa soko. Watasema hazina haitoshi kuupunguza."

Nikavuta daftari ili nimwandikie kitu kikali.

"Apana, maneno ninayo," alisema. "Zimebaki kreti sita hazijafunguliwa. Kiongozi wa kikao ameniambia, kwa kunicheka, nikipata mutu wa kuzibeba, zirudi dukani na pesa irudi hazina. Nataka kesho nikiongea, ziwe zimesharudi."

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa kali na njia imejaa watu. Nikageuka kumwuliza mke wangu viatu vyangu viko wapi. Alikuwa ameshavishika mkononi.