Cheti cha Tsigereda

Tsigereda alizaliwa mtaa wetu huu wa Addis, nyuma ya gereji ya Mulualem, pale mlangoni ninapouza kahawa. Utotoni aliwatwanga wavulana; alipokua akahamia kwenye injini. Magari ya umeme yalipojaa mjini akaenda kuyasomea, wiki sita, akarudi na cheti na mti mrefu mkavu wenye kulabu.

"Wiki sita?" Mulualem, tajiri yake, akacheka mbele ya mafundi. "Pombe ya asali ya mke wangu huchukua muda zaidi kuiva!"

"Cheka tu, Gashe," Tsigereda akasema, maana ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamume mtu mzima. "Lakini betri kubwa ikifunguliwa, mtu wa pili asimame na huu mti, amnasue fundi umeme ukimshika."

"Anichunge? Kwani mimi ng'ombe?"

Mafundi wetu wa zamani, Mungu awasamehe, hawaamini kipimo. Hugonganisha ncha mbili za waya waone cheche. Ikiruka, betri nzima. Kwa betri ndogo za magari ya petroli hakuna aliyewahi kudhurika.

Asubuhi moja Mulualem akafungua betri chini ya gari la umeme, akashika nyaya. Tsigereda akamvuta mkono.

"Gashe, acha! Umezima gari, betri haizimwi kwa ufunguo!"

Mulualem akamzaba kofi, damu ikamtoka puani. Mbele ya watu wote! Nilitaka kumwagia mzee yule birika zima.

"Leo utanijua!" Tsigereda akafoka. Sote tulisikia.

Mulualem akampa mgongo, akashika ncha zote mbili kwa mikono mitupu. Hakupiga hata kelele. Mikono iling'ang'ania, meno yakasagana, harufu ya nyama ikatufikia. Wubshet, fundi wake mkubwa, akakimbia kumkumbatia. Tsigereda akamtandika mti wa kifua asije akanaswa naye, Wubshet akaanguka chali. Kisha akageukia mikono ya Mulualem, akapiga, akapiga tena, mfupa ukalia, nao mwingine, mpaka nyaya zikamwachia.

"Anamuua mzee!" Wubshet akapiga ukelele.

Mafundi wakamvamia Tsigereda. Spana, mateke, buti usoni. Nilipayuka, "Wajinga nyie, amemwokoa!" Nani anisikie? Yeye hakujikinga hata kidogo. Alimlalia Mulualem, akimsukuma kifua kwa viganja vyote viwili, nao wanampiga mgongoni, wanampiga tayani, mpaka mzee akakohoa. Hapo ndipo walipoacha, mashetani wale.

Mulualem alipotoka hospitali tulikusanyika kwake kula. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye plasta. Mkewe akamviringishia tonge la injera, mkate wetu laini, mzee akageuza uso.

"Nataka la Tsigereda," akasema.

Kwetu kumlisha mtu kwa mkono wako ni kumpenda na kumheshimu. Tsigereda, shali imemfunika mpaka puani, akaviringisha tonge kubwa, akamtia kinywani. Mzee akatafuna, machozi yakimtiririka.

"Na wewe mbona huli, mwanangu?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee. Tsigereda akateremsha shali. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, upande mmoja umebonyea. Mulualem akaacha kutafuna. Akawatazama mafundi wake, mmoja mmoja, nao wakainamia sahani.

"Nani?" akauliza.

Wubshet akaweka tonge chini, akasimama.