Barza ya Prof Évariste

Miaka thelathini na moja Prof Évariste alifundisha falsafa kwenye sekondari moja ya Kikula, na kila mwaka alianza na Wastoa. "Jina limetoka kwa Kigiriki, stoa, ni kusema barza yenye nguzo. Mzee mmoja kule Athene hakuwa na darasa, akafundishia barzani. Wanafunzi wake wakaitwa watu wa barza. Hawatikiswi na lolote." Wanafunzi waliandika. Wengi wao sasa wanachimba kobalti, kazi ambamo kutotikiswa si hiari ya mtu.

Barza ya nyumbani kwake, kibaraza cha mbele ya mlango, ilijengwa na mwanawe Ricky, mchimbaji, kwa saruji aliyoinunua mwenyewe. Sakafu yake iliteremkia mlangoni; mvua ikinyesha, maji yaliingia sebuleni. "Stoa ya Ricky," Prof aliwaambia wageni, Ricky mwenyewe akisikia.

Mwezi wa Julai shimo lilimfukia Ricky. Siku ya tatu ya matanga wajomba walifika kutoka Kapolowe kudai, kama ilivyo desturi, baba asimame aeleze mtoto wao amekufaje. Aliyeuliza ni Casimir, kaka wa Marceline, mke wa Prof.

"Shemeji, tuambie. Na juu ya nini hauko unalia? Mutoto ni wako ao ni wa jirani?"

Prof alisimama, akarekebisha miwani, akaeleza neno stoa. Alieleza vizuri mno. Wazee wawili walitikisa vichwa kwa heshima kabla ya kukumbuka walikuwa wapi.

"Baba Ricky," Marceline alisema kutoka mkekani, "ndio vile unamuzika mutoto?"

Siku hiyohiyo Marceline alipanda gari la kaka zake, akaenda nao Kapolowe.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Novemba, mchana. Jirani yao Rosalie akampigia Marceline simu.

"Mama Ricky, maji imeingia kwenu. Prof iko chini kwa mulango, iko analia na sauti."

"Iko anapangusa?"

"Hapana. Nilimuletea kitambaa, akakatala. Anasema ni maji ya Ricky."

Kwenye simu Rosalie alisikia mabati ya Kapolowe nayo yakipigwa na mvua.

"Umuache asipanguse," Marceline alisema, akakata simu.

Noeli ilipita bila yeye kurudi. Ila kila mvua ikianza, anampigia Rosalie kuuliza maji yamefika wapi.