Tanuru la Domitila

Katika ukoo wa akina Jilala, mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuru la kuyeyushia vyuma. Domitila aliambiwa hivyo alipoolewa, akatii mpaka mumewe alipofariki. Matanga yalipoisha akaingia kibanda cha kazi cha marehemu pale Bariadi na kuwasha moto mwenyewe. Alikuwa na watoto wa kulisha, na uvumilivu kwa wanaume wazima wanaoogopa sketi ulikuwa umemwishia.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walimiminika, ushirika ukayumba, na vipuri vya pampu za dawa vikaadimika. Domitila akaanza kutengeneza mikono ya pampu. Aliyeyusha kasha la injini ya gari dogo la zamani la misheni, lililotengenezwa kwa magnesiamu, madini mepesi ambayo mkulima anayebeba pampu kutwa huyapenda. Yakiyeyuka hushika moto mweupe, hivyo aliyafunika kwa unga wa salfa, na ndoo ya maji haikuvuka mlango wake, maana maji huulipua moto huo.

Mikono ya kwanza ilipinda. Alipoivunja aliona chembe nene ndani, kama chumvi ya mawe. Akaongeza vipande vya sufuria kuukuu, yaani alumini, chembe zikawa ndogo na mkono ukawa imara. Akatia na zinki ya maganda ya betri, ukawa imara zaidi. Wateja wakaanza kuja hata kutoka kijiji cha Migato.

Hapo ndipo shemeji yake, Luhende, alipolikumbuka tanuru la kaka yake. Siku ya mnada, watu wakiwa tele, alikuja na wazee wawili.

"Mwangaluka, shemeji," Luhende alimsalimu kwa Kisukuma. "Moto umekuchoka. Mkono mmoja wa pampu zako ukikatika hapa, unatoka humu kibandani."

"Chagua unaoutaka," alisema Domitila.

Luhende akachagua uliotengenezwa asubuhi ile, akaukanyaga. Ukakatika.

Watu wakaguna. Domitila moyo ulimpasuka, hakuna haja ya kuficha. Lakini aliinama akaokota vipande na kuvigeuza juani. Ndani palikuwa pamepauka, pakavu kama kigae. Sufuria zilizidi! Asubuhi ile alitaka mkono mgumu kuliko wote, akajaza alumini bila kupima, na ikizidi hujipanga kati ya chembe na kuzifanya zivunjike badala ya kupinda.

"Umeona?" Luhende alisema. "Mwiko ni mwiko. Toka."

"Nimeona nimezidisha sufuria. Kosa ni langu, la mkono wangu. Sketi yangu haijaingia humo."

"Tulikubaliana, shemeji!"

"Ulisema wewe. Mimi nilisema chagua."

Mzee mmoja akacheka, akajikohoza upesi. Domitila akavitupa vipande ndani ya chungu cha kuyeyushia, akaongeza magnesiamu tupu, akanyunyiza salfa na kuchochea mkaa. Moshi ukawafukuza wazee hadi barabarani. Luhende alibaki mlangoni, akikohoa, machozi yakimtoka.

"Kaa usubiri, shemeji," Domitila alimwambia bila kugeuka. "Huu nao ukikatika, nitayeyusha mwingine. Hapa sitoki."